Kuchonga ufunguo mpya wa kufuli la kale kwa mkono: mwongozo kamili

Ukianza kukusanya makufuli ya kale utagundua upesi kwamba mengi huja bila ufunguo. Kufuli lenyewe hudumu, maana ni pande zima la chuma au shaba. Ufunguo ni kitu kidogo, hudondoka, hutupwa, hubaki mfukoni mwa mtu aliyekwisha kufa. Ukimpelekea fundi wa funguo wa siku hizi, huenda akaligeuzageuza akakurudishia: mashine yake inanakili ufunguo uliopo, na wewe huna wa kunakiliwa. Basi inabaki tupa, masizi ya mshumaa na jioni kadhaa za kukaa kimya mezani.

Nina kanuni moja katika kazi hii: vyuma viwili vikibishana, kinachoumia kiwe ufunguo. Ufunguo ukiharibika utachonga mwingine. Kufuli la miaka mia halichongwi tena. Ndiyo maana sitakuambia popote ukate ribiti, vile vipini vinavyoshikilia mabati ya kufuli pamoja, ufungue ubavu wake, ingawa ni njia ya mkato kweli. Ribiti zikishakatwa, anayejua makufuli ataliona jeraha akiwa bado mlangoni, na thamani imeshashuka.

Na liwe kufuli lako, au la mtu aliyekukabidhi kwa ridhaa yake. Hilo sidhani linahitaji maelezo.

Lijue kufuli kwanza

Washa tochi uchungulie tundu la ufunguo. Kitu cha kwanza cha kutafuta ni pini iliyosimama katikati ya tundu. Ikiwapo, ufunguo wake ulikuwa wa bomba, yaani shina lake limetobolewa ili liivae hiyo pini na kuizunguka. Ikiwa hakuna pini na tundu ni ufa mwembamba tu, ufunguo ulikuwa bapa, umekatwa kwenye bati na kutiwa pengo huku na huku.

Hapo umejua umbo la nje. Sasa ujue kinachozuia ndani. Chukua waya mwembamba, ukunje ncha yake kidogo, upapase taratibu. Ukigusa kitu kisichosogea hata kidogo, hicho ni kizuizi: ukuta mdogo uliofungwa kwenye bati la mbele au la nyuma, ambao ufunguo wenye pengo mahali panapofaa huupita na usio na pengo huukwaa. Mtindo huo ni wa kale mno, hata Warumi walikuwa nao. Ukigusa kitu kinachoinuka kisha kikarudi chenyewe kwa springi, hiyo ni leva, kibati ambacho ufunguo lazima ukiinue hadi kimo chake hasa. Mwingereza Robert Barron alipata hataza ya leva za namna hiyo mwaka 1778, na ugumu wake ni huohuo unaokusubiri wewe: leva iliyoinuliwa pungufu inazuia, na iliyoinuliwa kupita kiasi inazuia vilevile. Hesabu ni ngapi. Bonyeza moja baada ya nyingine na waya, uhisi kila inavyoruka.

Kuna makufuli ambayo mwongozo huu hauyahusu. Ukiona ufa wenye kona nyingi na safu ya vipini vidogo ndani, huo ni mtindo wa Linus Yale Mdogo wa miaka ya 1860, na hapo ni afadhali umtafute fundi mwenye ufunguo usiochongwa wa umbo hilo. Makufuli ya visahani vinavyozunguka, ambayo asili yake inahusishwa na Msweden Christopher Polhem (1661–1751), yana hesabu yake ya pembe na yanastahili somo peke yake.

Angalia pia kono la kufuli, lile linalopita kwenye pete ya mlango. Likiwa wazi, una bahati kubwa: kupitia tundu la kono unaweza kuona komeo na wakati mwingine hata leva. Ila usilifunge. Narudia kwa sababu mkono wa mtu hupenda kulibana kufuli lililo wazi bila yeye kujijua. Mimi hukata kipande cha kizibo cha chupa nikakichomeka kwenye tundu la kono, kikakaa hapo mpaka siku ya mwisho.

Na kabla hujakata chuma chochote, jaribu funguo kuukuu zote unazoweza kuzipata. Kufuli la vizuizi mara nyingi halina ubaguzi. Ufunguo wa kufuli jingine la ukubwa uleule unaweza kulifungua, au ukakosa kwa pengo moja tu ambalo tupa italimaliza kwa dakika tano.

Usafi, ila si mng'aro

Grisi ya zamani huganda ikawa kama gundi, na leva iliyoganda itakudanganya siku nzima. Lilaze kufuli kwenye mafuta ya taa usiku kucha, litikise, umwage mafuta machafu, urudie mpaka yatoke safi. Kufuli lenye kutu nzito liachie siku tatu au nne. Baadaye papasa tena na waya. Leva zote lazima zirudi zenyewe. Isiyorudi, ama bado ina uchafu, ama springi yake imevunjika, na ni vizuri ujue sasa kuliko baada ya kuchonga.

Nje usisugue. Ile rangi ya kahawia iliyokolea kwenye shaba ndiyo umri wenyewe, na wakusanyaji wengi wanailipia. Futa vumbi kwa kitambaa laini, inatosha.

Mwisho liache likauke kabisa. Ukiingiza ufunguo wenye masizi kwenye kufuli lenye mafuta utatoa tope, na tope halisomeki.

Vipimo

Hapa ndipo watu hufanya haraka, na hapa ndipo pa kukaa. Nitatumia kufuli langu moja kama mfano, la shaba lenye umbo la moyo, leva tatu, pini katikati ya tundu.

Unene wa pini ni mgumu kupima kwa sababu kalipa, kile kipimo chenye taya mbili, haiingii. Tumia vibomba vyembamba vya shaba, vile wanavyotumia watengenezaji wa mifano midogo ya treni na meli. Kile kinachoivaa pini bila kukwama wala kuchezacheza ndicho kinachokupa kipimo. Pini yangu ilikuwa milimita 2.5, kwa hiyo bomba la ufunguo nililitoboa kwa biti ya 2.6.

Duara la tundu na ufa wake vipime kwa mashina ya biti za drili, upande ule usio na makali. Biti ya milimita 6 iliingia kwenye duara langu, ya 6.2 ikakataa, shina la ufunguo likawa 5.8. Ufa uliipokea biti ya 2, hivyo bapa la ufunguo, yaani ile sehemu inayotokeza ubavuni kama bendera, likawa na unene wa 1.8.

Urefu wa bendera hiyo hupimwa kutoka katikati ya pini hadi mwisho wa ufa. Kwangu ilikuwa 9, nikatoa 0.2 ya nafasi, ikabaki 8.8. Toa nusu kipenyo cha shina, 2.9, unapata 5.9 ya kutokeza nje ya shina.

Kina cha ndani ni rahisi. Ingiza kijiti cha kiberiti hadi kiguse bati la nyuma, weka ukucha usawa wa uso wa kufuli, chomoa, pima. Fanya hivyo tena kwenye ncha ya pini, maana huwa inaishia ndani kidogo au inatokeza nje kidogo, na hilo ndilo linaloamua bomba litobolewe kina gani. Andika kila namba kwenye karatasi yenye mchoro. Usitegemee kichwa.

Chuma cha kuchonga

Kwa kufuli la shaba lenye leva za shaba, napenda ufunguo wa shaba ya manjano. Ni laini, unachongeka, unapokea alama vizuri, na hauli leva. Ubaya wake ni kwamba ukiwa mwembamba hupinda. Kwa kufuli la chuma tumia chuma laini cha kawaida. Alumini usiiguse, inakwaruzika, inajaza meno ya tupa, na inaweza kukatikia ndani.

Njia rahisi kuliko zote ni kupata ufunguo kuukuu wa bomba, wa kabati au sanduku, wenye pini inayolingana na bapa kubwa kuliko unalohitaji. Kupunguza ni kazi ya saa moja. Ukiukosa, utaujenga mwenyewe, hivi.

Kata fimbo ya duara yenye kipenyo cha shina lako. Kuitoboa katikati hasa kwa drili ya mkononi ni mtihani, kwa hiyo geuza mambo: funga biti kwenye jiliwa, kile kibanio cha mezani, ikiwa imesimama wima, fimbo uifunge kwenye drili, kisha uishushe fimbo inayozunguka juu ya biti iliyotulia. Fimbo hujitafutia katikati yenyewe. Anza na biti ya milimita 2 kisha umalize na ya 2.6. Kila unapoingia milimita moja, toa, pangusa vumbi la chuma, tia tone la mafuta. Biti nyembamba ikikatikia ndani, tupa fimbo hiyo uchukue nyingine, usipoteze jioni.

Halafu bendera. Kata mfereji ubavuni mwa fimbo kwa msumeno wa chuma, kina cha milimita 1, usifike kwenye tundu la katikati. Kata kipande cha bati la 1.8 kiingie kwenye mfereji kwa kubana, kisha ukilehemu kwa lehemu ya fedha. Nasema ya fedha, si ile laini ya nyaya za umeme. Ile laini huyeyuka kwenye nyuzi 200 hivi na haina nguvu. Ya fedha inataka zaidi ya 600 na ndiyo inayoshika. Niliwahi kuona uvivu wa kuwasha moto mkubwa, nikalehemu kwa ile laini, na mara ya tatu nilipozungusha, bendera ilibaki ndani ya kufuli nami nikabaki na fimbo mkononi. Ilinichukua jioni mbili na waya wenye ndoano kuitoa. Nunua lehemu isiyo na kadimiamu, fanyia kazi penye hewa, paka flaksi kwanza, ile dawa inayosafisha chuma ili lehemu ishike, pasha moto chuma na si lehemu, na iache lehemu inyonywe na joto la chuma. Kikipoa, chemsha majini uondoe flaksi iliyoganda kama kioo.

Piga msasa. Ufunguo uingie na kutoka kwenye tundu bila kusukumwa. Bado hauzunguki, na haupaswi kuzunguka.

Kusoma alama

Shika bapa juu ya ncha ya mwali wa mshumaa, pale unapotoa moshi, mpaka liwe jeusi pande zote. Masizi yawe tabaka jembamba, kama wino. Liache lipoe, uliingize moja kwa moja bila kugusa kingo za tundu, kisha uzungushe kwa vidole viwili mpaka liguse kitu. Rudisha kulia kidogo, kushoto kidogo, chomoa. Tazama chini ya lenzi, taa ikitokea ubavuni.

Katika kufuli la vizuizi utaona mstari mweupe uliokwaruzwa kwenye ukingo wa mbele au wa nyuma wa bapa, pale ukuta ulipogusa. Chora mstari huo kwa sindano, uchonge pengo kwa tupa nyembamba ya bapa ukifuata mkondo wa shina. Pengo liwe finyu kwanza. Paka masizi tena, ingiza, zungusha: sasa ufunguo utaenda mbele zaidi kidogo, mpaka ukutane na ukuta wa pili, au mpaka ukwame kwa kuwa pengo halijawa na kina cha kutosha. Endelea hivyo. Ukipita kuta zote, ncha ya bapa itasukuma komeo au kutanua springi, na kono litaruka. Kwa ufunguo wa bati kazi ni ileile, ila pengo liko pembeni pande zote mbili, na mara nyingi hulingana kulia na kushoto.

Leva ni hadithi nyingine. Bapa lisilochongwa linaziinua zote kupita kiasi, nazo zinagoma. Alama hazitakuwa kwenye kingo za mbele na nyuma bali juu, kwenye ukingo wa nje wa bendera: vijistari vifupi, kila kimoja upana wa leva yake. Kwenye kufuli langu vilikuwa vitatu, upana wa milimita moja na nusu hivi. Baada ya hivyo kulikuwa na sehemu isiyo na alama, karibu na ncha. Kila sehemu ya ukingo inayogusa kitu kimoja ndani naiita hatua, na hiyo ndiyo hatua ya komeo, inayolisukuma komeo lenyewe. Usiiguse kabisa, ukiishusha, ufunguo utainua leva zote sawasawa na bado kufuli halitafunguka.

Chonga kila kijistari kwa milimita 0.3 kwanza, kisha paka masizi usome upya. Kuanzia hapo chonga ile tu yenye alama kali zaidi, na usizidi 0.1 kwa mara moja. Hiyo ni sawa na mapigo mawili au matatu ya tupa laini. Mara nyingi alama itahama: uliyoichonga inanyamaza, jirani yake inaanza kupiga kelele. Hiyo ni dalili njema.

Sasa jambo lililonigharimu funguo mbili kabla sijalielewa. Alama inayofifia ina maana mbili. Ama leva imefika mahali pake, ama umeichonga kupita kiasi na sasa haiinuki vya kutosha. Masizi hayatofautishi. Kwa hiyo alama ikishaanza kufifia, achana na hatua hiyo, hata kama mkono unawasha, ufanye kazi kwenye nyingine. Irudie mwisho tu, ikiwa zote zimenyamaza na kufuli bado limegoma. Ukigundua kweli umeishusha mno, jaza kwa lehemu ya fedha uanze hatua hiyo upya. Ukiwa umekosea hatua mbili, afadhali ukate bendera nyingine.

Nguvu ya kuzungusha isizidi ile ya kugeuza kitufe cha redio. Ukihisi unatamani kuchukua koleo, simama, ukanywe maji. Ufunguo wa shaba ukishajipinda husema uongo kwenye kila alama inayofuata. Tena kuna makufuli na vitasa ambavyo huadhibu nguvu: mwaka 1818 Jeremiah Chubb alitengeneza mtindo ambao leva ikiinuliwa kupita kiasi hujifunga yenyewe, na haiachii mpaka ufunguo maalumu wa kuirejesha uzungushwe. Ukikuta kufuli lililokuwa linajibu halafu ghafla limekufa kabisa, fikiria jambo kama hilo kabla hujailaumu tupa yako.

Siku lilipofunguka langu, halikuruka. Ufunguo ulipita tu, laini, kana kwamba haukuwahi kuzuiwa, na kono likalegea upande mmoja. Nilidhani nimevunja kitu.

Kumalizia

Usilifunge bado. Kono likiwa wazi, zungusha ufunguo mara ishirini. Ukisikia mkwaruzo mahali, paka masizi mara moja zaidi utafute pembe iliyobaki kali, uilainishe kwa msasa. Ondoa makapi yote ya chuma, hasa ndani ya bomba, maana chembe moja ikiangukia kwenye springi ya leva utarudi mwanzo. Tia ulainishi wa aina moja tu: ama mafuta mepesi, tone moja, ama unga wa grafiti. Ukichanganya vyote viwili unapika ujiuji ule uliokwisha kuuosha.

Kichwa cha ufunguo, pale pa kushika, ni suala la macho. Tazama funguo za zama hizo ulizonazo, uige umbo la mviringo au la yai, lehemu, sugua. Ila usipige chapa ya mtengenezaji wa zamani juu yake. Mimi huchora nukta mbili ndogo chini ya kichwa na kuandika kwenye karatasi ya kufuli mwaka niliouchonga. Siku likiuzwa, mnunuzi aambiwe ufunguo ni mpya. Kufuli la kale lenye ufunguo wa kuchongwa lina bei yake, na lenye ufunguo wake wa asili lina yake.

Ndipo utoe kizibo, ubane kono, ufungue. Mara tatu.

Halafu, vipimo vikiwa bado mezani na jiliwa bado imefunguliwa, chonga wa pili. Sasa unao wa kunakili, na hatua zote unazijua. Wa pili hautakuchukua hata robo ya muda wa kwanza.